Sura ya Saba: Tete la Uzi wa Kijani

Boti la wanajeshi lilikuwa linaondoka bandari ya Kalundu saa tisa alasiri, na fundi Ndihokubwayo alikuwa katika orodha ya watakaopanda. Inspekta Bernardine aliisoma orodha hiyo akiwa amesimama, kwa kuwa kiti cha ofisi yake kilichukuliwa siku wanajeshi walipoushika mji na hakikurudi. Majina yalikuwa manne. La fundi lilikuwa la mwisho, limeongezwa kwa wino wa rangi nyingine. Mwezi uliopita walipanda watu sita, na hadi leo hakuna mama mmoja wa Uvira aliyepata salamu kutoka kwa mwanawe.

Ilikuwa saa tano kasoro robo. Akalibana faili kwapani, akashuka kwenda kasho, chumba cha mahabusu.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Vainqueur, aliyekuwa akipeleka chanjo milimani hadi Mulenge, aliokotwa Jumatatu asubuhi kando ya ziwa, kusini ya Kalundu, ana risasi moja mgongoni. Pikipiki yake ya magurudumu manne haikuwa naye. Ilikuwa garajini Kasenga, katika ua wa ofisi ya chanjo, imeoshwa, imesimamishwa mahali pake pa kila siku, na kufuli la mlango halina hata mkwaruzo. Funguo za kufuli hilo zilikuwa mbili. Moja ilikaa kwa fundi, nyingine kwa André, msimamizi wa depo ya chanjo.

Kapteni Térence, ambaye sasa ndiye aliyekuwa sheria ya mji, hakuhitaji kufikiri sana. André alikuwa mtu wa ofisi, mwenye kalamu mbili mfukoni na salamu nzuri. Fundi alikuwa mtu wa bonde la Ruzizi, wa kusema Kirundi, na mwaka ule jina peke yake lilitosha kukupandisha boti. Kwa hiyo kapteni alisema fundi aliikopesha pikipiki kwa watu wa milimani wabebe risasi, Vainqueur akagundua, fundi akamuua. Penye moshi pana moto, alisema kapteni, na moshi aliutengeneza mwenyewe.

Ndihokubwayo alikuwa amechuchumaa nyuma ya mlango wa kasho. Alikuwa mtu mrefu mwenye vidole vyeusi kwa grisi ya miaka, na hakuuliza habari za boti.

“Mama Inspekta, weye umeangalia ile moto?”

“Pikipiki? Nimeiangalia. Imeoshwa, haina kitu.”

“Minye sisemi uchafu. Nasema urefu yake.”

“Urefu gani?”

“Vile imesimama. Ile moto si ya kazi hii yetu. Ilikuwaka ya mtoto wa tajiri, alikuwa anashindana nayo mu muchanga kule Bujumbura mbele ya vita. Resoro zake, zile springi za ku magurudumu, zinakazwa na kulegezwa. Ukilegeza, inalala chini, inagonga majiwe. Ukikaza sana, inaruka kama mbuzi, inamwangusha mutu. Kila mutu na urefu yake. Mutu akija, minye namuulizaka kwanza, unabeba nini? Kiisha nakata tete, natia uzi. Mumeziona ku ukuta?”

Alikuwa ameyaona. Matete tisa yalining'inia kwenye misumari, kila moja na uzi wa rangi yake, na hakuyafikiria hata kidogo.

“Ya Vainqueur iko na uzi wa kijani. Unaisimamisha chini ya moto. Mbele, bomba ya chini igonge kichwa ya tete. Nyuma, ifike pale nimekata alama. Kama mutu alibeba muzigo mukubwa na ile moto, lazima alikaza resoro. Tete itasema. Na hiyo Jumapili nilikuwa kwa ndugu yangu kule Sange, minye…”

“Wakati umeisha!” Askari aligonga mlango kwa kitako cha bunduki.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo fundi hakulisema, kwa sababu kwake lilikuwa wazi mno, kama mpishi anayekueleza ugali bila kukumbuka kukuambia uwashe moto.

Kule Kasenga, André alimfungulia inspekta garaji kwa adabu zote. Alipangusa hata bawaba ya mlango kwa kitambaa ili mama inspekta asichafuke mkono. Upande wa milimani ikasikika milio miwili ya risasi, wote wawili wakangoja wa tatu. Haukuja.

“Hivi vijiti ni vya nini?” Bernardine aliuliza, akiyaonyesha matete kwa kidevu.

“Sijue, Mama. Labda bibi yake fundi anasukaka vitunga, vikapu vya soko. Minye naingiaka huku kama moto inatoka tu. Mambo ya makanika siyajue.”

“Kwa nini uliiosha?”

“Nani? Minye? Niliikuta vile.”

“Niletee daftari ya kutoka na kurudi kwa moto.”

“Iko mu depo, nyuma.”

“Nitangoja.”

Hatua zake zilipopotea uani, Bernardine alilishusha tete la uzi wa kijani na kupiga magoti. Sakafu ilikuwa ya saruji, nzuri, imenyooka. Alilisimamisha tete chini ya pikipiki, upande wa mbele. Bomba la chini likakigusa kichwa chake barabara, kama mfuniko na chungu. Akaenda nyuma. Bomba likafika kwenye alama iliyokatwa kwa kisu, si juu wala chini.

Alikuwa amekuja kutafuta pikipiki iliyoguswa, na hii haikuguswa. Ilikuwa kama fundi alivyoiacha kwa Vainqueur, na mwenye mkono wa kuirudisha hapo kwa kipimo cha namna hii katika mji mzima alikuwa mmoja tu, naye alikuwa kasho. Alikasirika na fundi, akakasirika na nafsi yake, maana alikuwa ameanza kumwamini.

Kabla ya kuinuka alimulika tochi kwenye springi za mbele. Kila springi ilikaliwa juu na pete ya chuma yenye meno, na pete hiyo ndiyo iliyozungushwa, kushuka ili kukaza, kupanda ili kulegeza. Meno yalikuwa na makovu mapya yanayong'aa. Mtu aliyapiga kwa tindo na nyundo. Juu ya pete, uzi wa skrubu ulikuwa na vumbi gumu la zamani. Chini yake, kwa upana wa vidole viwili, ulikuwa safi, una grisi iliyoburutwa. Pete hiyo ilishushwa mbali sana, kisha ikapandishwa tena.

Kwenye meza ya kazi, mbele ya macho ya kila mtu, ulilala ufunguo wa ndoano, chombo cha kuzungushia pete hizo.

Aliandika hayo matatu: makovu, vumbi, ufunguo. Bado hayakumwondoa mtu kwenye boti. Kapteni angesema fundi alitumia tindo makusudi.

Daftari la André lilikuwa na mistari iliyonyooka na sahihi kila mahali. Jumapili, pikipiki haikutoka. Ilikuwa saa saba na nusu.

“Iko sawa kabisa,” Bernardine alimwambia fundi kwenye tundu la mlango wa kasho. Hakukaa. Alikuwa anatembea hatua tatu kwenda, tatu kurudi. “Mbele sawa, nyuma sawa. Tete lako limekufunga wewe mwenyewe, Fundi.”

“Haiwezekane.”

“Nimepima kwa mikono yangu.”

Ndihokubwayo alifumba macho. Kisha akayafumbua, na sauti yake ikabadilika.

“Nani alikuwa juu?”

“Juu ya nini?”

“Ya moto, Mama! Wakati weye uko chini na tete. Nani alikuwa amekaa juu?”

“Hakuna. Nilikuwa peke yangu.”

Fundi alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha mtu asiyelala siku tatu, na askari alichungulia kuona kama mfungwa amerukwa na akili.

“Mama Inspekta, tete ile si ya moto. Ni ya moto na Vainqueur juu yake, na buti yake, na kasha yake ya chanjo imejaa barafu. Mutu akishuka, moto inapanda. Moto ya Vainqueur kama haina mutu, kati ya bomba na tete lazima ipite vidole vitatu. Inagusa? Bila mutu? Basi mutu alilegeza resoro mpaka ikagusa. Leo Vainqueur angekaa pale, Mungu amulaze, tumbo ya moto ingesaga barabara!”

Bernardine aliacha kutembea.

Mtu huyo alijua matete. Alijua la kijani ni la nani. Alikaza springi kubeba mzigo, akaufikisha mzigo ulikokwenda, akaosha, kisha akataka pikipiki ionekane haikutoka. Akalichukua tete, akapima, akalegeza na kugonga mpaka likagusa, akafurahi. Alikosea lile jambo moja ambalo fundi asingeweza kulikosea hata akiwa amefungwa macho.

“Ni nani amekuona ukipima?”

“Wenye kuendesha tu. Nafungaka mulango, ju watu wakikaa wanachekana, huyu muzito, huyu mwepesi.”

“Na André?”

“Hajakuja hata siku moja.” Fundi alifikiri. “Lakini depo yake na garaji ni ukuta mumoja. Chini ya ukuta iko tundu ya hewa, ya kirefu, ya kupitisha baridi ku frigo za chanjo.”

Bernardine alikuwa tayari anaelekea ngazi.

Kumpata kapteni haikuwa kazi ndogo. Kumleta fundi Kasenga akiwa amefungwa kamba ilikuwa kubwa zaidi. Alimwambia Kapteni Térence kwamba mfungwa atakwenda zake na pikipiki itabaki, na jeshi likiitaka, heri ikabidhiwe mbele ya macho yake leo. Kapteni aliipenda pikipiki ile tangu siku ya kwanza, na mapenzi ni upofu. Saa nane na dakika ishirini walikuwa garajini: kapteni na askari wake wawili, André na kalamu zake, fundi mlangoni na mikono mgongoni.

Kwanza Bernardine alipita depo, kana kwamba anarudisha daftari. Alipiga magoti sakafuni, akalaza shavu kwenye saruji, akachungulia tundu la hewa. Aliona magurudumu manne, bomba la chini na buti za askari hadi kwenye kifundo. Cha juu ya hapo hakukiona.

Alirudi akijipangusa magoti.

“André, kuanzia leo moto hii itakuwa mikononi mwako mpaka Komanda hapa aichukue. Nataka niandike kwamba iko kama Vainqueur alivyoiacha. Fundi alikuwa akiipimia. Ipime.”

Fundi alifungua mdomo. Bernardine alimtazama, naye akaufunga.

André alisita kidogo tu. Alikuwa ameona mlango uliofunguka: kapteni hapa, fundi pale, na yeye ndiye wa kuthibitisha kwamba pikipiki haikuguswa. Alikwenda ukutani. Mkono wake uliyapita matete ya uzi mwekundu, mweusi, mweupe na wa njano, ukashuka na la kijani. Alichuchumaa akalisimamisha mbele. Akaenda nyuma, akaweka ukucha kwenye alama.

“Iko sawa kabisa, Komanda. Haijaguswa.”

“Asante,” alisema Bernardine. “Asubuhi uliniambia vijiti hivi ni vya kusukia vitunga.”

André alilizungusha tete mkononi.

“Minye… nilikuwa nimesahau. Fundi alinionyeshaka.”

“Siku gani?” aliuliza fundi.

“Weye nyamaza!” alisema kapteni. Kisha akamgeukia inspekta. “Na kama alimuonyesha? Iko kosa gani?”

“Komanda, mfungulie fundi mikono dakika mbili. Aipime yeye.”

Kapteni alitazama saa yake, akampa askari ishara kwa kichwa. Kamba ikafunguliwa. Ndihokubwayo alijisugua vifundo vya mikono, akalichukua tete kutoka kwa André bila kumtazama, akageuka kwa askari mwembamba aliyekuwa karibu.

“Weye unafanana na marehemu kwa uzito. Panda, tafazali. Beba ile kasha ya chanjo ku magoti.”

Askari alipanda. Pikipiki ilizama. Haikushuka kama mashine inayopokea mtu wake. Ilizama, na tumbo lake likasimama karibu na saruji. Fundi alijaribu kulisimamisha tete chini ya bomba, halikuingia. Akaliweka kando, wima, ili wote waone: kichwa cha tete kilikuwa juu ya bomba kwa vidole vitatu.

“Hivi ndivyo fundi anavyopima,” alisema Bernardine. “Kwanza mtu akae. Tangu tufike hapa, mmoja tu amepima bila mtu. Komanda, kama fundi angemwonyesha André, André angeuliza nani akae. Hakuonyeshwa. Alichungulia kwenye tundu la hewa la depo yake. Nimetoka kuchungulia sasa hivi. Unaona magurudumu, unaona mkono na tete. Mtu aliye juu humwoni.”

“Fundi aliharibu makusudi,” alisema kapteni.

“Ili iweje? Ni yeye aliyenituma nipime. Nani anamtuma polisi kwenye kamba itakayomnyonga? Na ufunguo wake wa ndoano ule pale mezani. Angalia meno ya pete: yamegongwa kwa tindo. Mwenye kuzigonga hakujua hata chombo chake ni kipi. Alishusha pete chini kabisa kwa mzigo mzito, akaupeleka, akarudi, akalegeza mpaka tete likagusa. Akadhani amemaliza.”

Njia ya mwongo ni fupi, na ile ya André ilikuwa imefika ukutani. Kalamu moja ilidondoka mfukoni mwake, hakuiokota. Hakumtazama Bernardine wala fundi. Alimtazama Kapteni Térence, akafungua mdomo kama mtu anayetaka kuita jina.

Kapteni aliinua mkono. “Inatosha. Mumukamate.”

Askari walimkamata.

“Komanda, bado sijaandika maneno yake,” alisema Bernardine. “Ninahitaji saa moja.”

“Boti haingojee. Watu wanne wameandikwa, watu wanne watapanda. Fundi abaki. Huyu aende.”

“Ni shahidi wangu na ni mshitakiwa wangu. Sheria inasema…”

“Mama Inspekta.” Kapteni alitabasamu, na tabasamu hilo lilikuwa la kirafiki kabisa. “Umefanya kazi muzuri. Usiiharibu.”

Gari lao liliondoka na André likielekea Kalundu, na kwa haraka ya boti hakuna aliyeikumbuka pikipiki. Vumbi la Kasenga liliinuka, likakaa. Wanawake waliokuwa wamesimama barabarani wakaendelea na safari zao za sokoni.

Ndihokubwayo alikuwa bado ameshika tete. Alikaa kwenye gurudumu la akiba akalia kidogo, bila aibu. Bernardine alimwacha alie. Alijaribu kufurahi, kwa sababu mtu mmoja alikuwa hai ambaye saa tisa angekuwa ziwani. Furaha ilikuja nusu, ikakwama.

“Fundi, nataka kwenda pale Vainqueur alipookotwa kabla jua halijazama, kisha nifuate njia ya juu, ya milimani. Gari halipiti huko. Nilijifunza kuendesha kwa kaka yangu. Utaniwekea hii?”

Fundi alijifuta uso kwa kiwiko. Kazi ilimrudishia mwili. Alichukua ufunguo wa ndoano mezani, akachomoa tete jipya lisilo na uzi kutoka kwenye rundo la kona, akafunga mlango wa garaji kama desturi yake.

“Panda, Mama. Kaa vile utakaa barabarani.” Alipiga magoti, akaweka ndoano kwenye jino la pete. Kisha akauliza, bila kuinua macho, kama alivyomuuliza kila mtu aliyewahi kukalia kiti kile:

“Utabeba nini?”

Bernardine alikaa na mikono kwenye usukani.

Swali hilo lilikuwa la kwanza kwa fundi asiyejua kusoma vizuri. Lingekuwa la kwanza kwa mtu yeyote aliyeambiwa kwamba risasi zimebebwa kupelekwa kwa adui zake. Bernardine mwenyewe alisema mbele yao wote kwamba pete zilishushwa chini kabisa kwa mzigo mzito. Kapteni Térence alisikia. Akauliza kuhusu tete, akauliza kuhusu fundi, akatazama saa. Hakuuliza mzigo ulikuwa nini, hakuuliza ulikwenda wapi. Na mtu pekee ambaye angeweza kusema alikuwa njiani kwenda kwenye boti lake.

Bernardine aliogopa, na hakujidanganya kwamba ni kitu kingine.

Alifungua faili juu ya tangi la mafuta, akaandika saa, akaandika mahali, kisha sentensi moja chini ya makovu, vumbi na ufunguo: *Kapteni hakuuliza mzigo.* Alipomaliza alilitia faili ndani ya blauzi, akalifunga kwa kitenge kiunoni likakaza.

“Hii tu,” alimwambia fundi. “Lakini iwekee nguvu. Huenda nikarudi mbio.”

Ndihokubwayo alizungusha pete nusu mzunguko zaidi, akalisimamisha tete chini ya bomba, akatoa kisu akalikata.